Ujira wa Mwalimu wa Filimbi



Wapendwa wanaparokia, juma hili hatutaandika juu ya masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaandika juu ya filimbi, na tunajua wapo watakaokasirika. Afadhali wakasirike.

Mwalimu aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu kupiga filimbi, ile ya chuma inayoshikwa kwa upande, ambayo wanamuziki wenyewe huiita fluti, ameondoka. Kwa miaka miwili alikuja kwetu siku tatu kila juma, kwa nauli yake mwenyewe. Ametuachia watoto tisa wanaojua kusoma noti, na filimbi nne ndani ya kabati la sakristia. Siku hizi anapiga muziki wa jioni hotelini, na wapo waumini wanaosema, tena hadharani mbele ya kanisa, kwamba ameuza kipaji cha Mungu kwa walevi. Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuketi kuandika.

Kwanza watu wajue kazi yenyewe ni nini. Filimbi ya aina hii haina ulimi wala waya. Pumzi ya mpigaji hupasuka kwenye ukingo wa tundu, na sehemu yake hupotea nje bila kutoa sauti yoyote. Ndiyo sababu mtoto anayeanza hushikwa na kizunguzungu akalazimika kuketi. Midomo ikisogea kidogo tu, sauti hupanda, hushuka au hukatika. Chombo kikipata joto sauti yake hupanda, na katika baridi ya asubuhi hushuka. Kuvuta kichwa cha filimbi husaidia kidogo, lakini kazi iliyobaki ni ya sikio na midomo, na hivyo viwili havifundishwi kwa mwezi mmoja.

Mfaransa Marcel Moyse alichapisha mwaka 1934 kitabu kizima cha mazoezi juu ya sauti ya filimbi peke yake. Zoezi lake la mwanzo ni kushika noti moja kwa muda mrefu, kisha kuteremka nusu hatua, na nusu hatua tena. Hata leo wapigaji waliokwisha kuajiriwa katika okestra kubwa hulirudia. Sisi tulimkuta mwalimu wetu akilifanya nyuma ya ukumbi, nusu saa nzima, kabla watoto hawajafika. Tunakiri kwamba tulidhani anapoteza muda.

Sasa tuje kwenye hoja zinazosemwa. Ya kwanza ni kwamba kipaji kimetolewa bure na Mungu, kwa hiyo kitolewe bure. Hoja hii inasikika ya kiroho sana, lakini mbona hatuisikii ikielekezwa kwa daktari au kwa fundi seremala aliyetengeneza mabenchi yetu? Nao pia akili na mikono wamepewa na Mungu yule yule. Kipaji ni mbegu tu; shamba limelimwa na mtu kwa miaka mingi, akila chakula kilichonunuliwa.

Johann Joachim Quantz, aliyezaliwa mwaka 1697, alikuwa mtoto wa mhunzi. Mwaka 1741 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alimwajiri kwa taler 2,000 kwa mwaka, na malipo mengine kwa kila filimbi aliyoitengeneza. Mfalme huyo hakuwa mtu wa Sala, na wala tusimsifu mno, kwa maana mpiga kinanda wake, Carl Philipp Emanuel Bach, alianza kwa taler 300 tu. Lakini yeye mwenyewe alipiga filimbi, na alijua kazi aliyokuwa akiilipia. Tunaona haya kwamba mfalme wa namna hiyo alielewa jambo ambalo parokia haijalielewa.

Tunaye pia padre mwenzetu, Antonio Vivaldi. Alipewa daraja mwaka 1703, na mwaka huo huo akaajiriwa Venice kufundisha fidla katika nyumba ya Pietà, iliyolea wasichana waliotelekezwa. Alilipwa. Wakuu wa nyumba walipigia kura ajira yake. Mwaka 1709 wakamwondoa, mwaka 1711 wakamrudisha, kwa hiyo vikao vya kubishana juu ya mwalimu wa muziki si uvumbuzi wetu. Baadaye aliandika pia nyimbo za filimbi na okestra. Alifariki Vienna mwaka 1741 akiwa maskini, mwaka ule ule ambao Quantz alipata ajira yake ya kifalme. Lakini wale wasichana walipiga vizuri mno hata watu wakaja kuwasikiliza, na sadaka za watu hao zikailisha nyumba.

Mzee mmoja ametuambia kwamba filimbi hairuhusiwi kanisani. Tumjibu kwa kifupi: Papa Pio X, mwaka 1903, aliweka masharti makali juu ya vyombo vya kupuliza, lakini hata yeye hakuvifunga kabisa, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango kwa vyombo vingine vinavyoufaa utakatifu wa ibada, kwa idhini ya wenye mamlaka ya Kanisa. Suala hilo limekwisha.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Wanakwaya wetu wote wanajitolea. Kwa nini mmoja alipwe? Tunawaheshimu wanakwaya, na hatutaki mtu aseme tumewadharau. Lakini mwanakwaya huja jioni mbili akitoka kwenye kazi inayomlisha, na zawadi yake ni zawadi kweli kwa sababu angeweza kutoitoa. Mwalimu wetu alitupa mchana wake, yaani saa ambazo mtu hutafutia riziki. Tena pedi za filimbi zilipochakaa alizibadilisha kwa fedha yake, na si kila mji una fundi wa kazi hiyo.

Fungueni Biblia, kitabu cha Nehemia, sura ya 13. Nehemia aliporudi Yerusalemu aliona nyumba ya Mungu imeachwa. Akagundua kwamba Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, na kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Tazameni aliwagombeza nani. Hakuwagombeza waimbaji kwa kukimbia. Aliwagombeza viongozi, kisha akawakusanya waimbaji akawarudisha mahali pao, akaweka watunza hazina waaminifu. Kwetu sisi mambo yamekuwa kinyume: mwimbaji amekimbilia shambani, ambalo kwa leo ni hoteli, na sisi tunamgombeza yeye.

Hoja ya tatu ni kwamba parokia haina fedha. Katika sikukuu ya mavuno iliyopita tulikodi turubai, vipaza sauti na mshereheshaji, na wote walilipwa kabla hawajaondoka uwanjani, kwa kuwa tulijua wasingeondoka. Mwalimu alipewa soda mbili na makofi. Mtakatifu Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Hasemi kwamba ujira wa mpole hulia kwa sauti ndogo zaidi. Papa Leo XIII mwaka 1891 alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuishi, hata kama yeye mwenyewe amekubali kupokea pungufu. Na sisi tulioyasoma hayo seminarini ndio tuliomwambia mwalimu, alipokuja ofisini mara ya kwanza kuulizia nauli, kwamba Mungu atamlipa. Alisema asante, Baba, akaenda kufundisha. Tumekwenda kumwomba radhi; alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, ila hakuahidi kurudi.

Tunapendekeza posho ya mwalimu wa muziki iandikwe katika bajeti ya parokia kwa jina lake, kila mwezi, si bahasha ya sikukuu. Ikipungua, ianze kukatwa nyumba ya mapadre. Binti mmoja bado huja kila Jumanne kuomba ufunguo wa kabati. Hushika noti moja kama alivyoelekezwa, na inashuka, na hakuna kati yetu anayeweza kumwonyesha afanye nini na midomo yake.

Kikao cha halmashauri ya walei ni Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, ukumbi mdogo. Wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo waje na daftari zao za michango.