Tunajua Kusambaza, Tujifunze Kutunza

Makamanda, leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni: kamera ya simu.

Enzi za wazazi wetu picha ilikuwa kumbukumbu. Familia ya Sirari au Mugumu inavaa vizuri, inaenda studio, inasimama mbele ya pazia lenye maua, halafu inasubiri siku kadhaa picha zisafishwe. Mkanda una picha 36, nani angepiga ovyo? Leo dereva bodaboda wa Tarime mjini anaweza kupiga picha mia kabla ya chai ya saa nne, na picha imeacha kuwa pambo la sebuleni. Imekuwa shahidi.

Nguvu yake tumeiona hapahapa Mara. Julai 2025, kule Kogatende, watalii walishuka kwenye magari wakajaa ukingoni mwa Mto Mara na kuwazibia njia nyumbu waliokuwa wanavuka. Video ikazunguka dunia nzima, na TANAPA ikalazimika kutoa tamko. Sawa kabisa, nyumbu wetu walindwe. Lakini na watu je?

Tarehe 16 Mei 2011, Nyamongo, polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano katika mgodi wa North Mara. Wakati ule simu za kamera vijijini zilikuwa za kuhesabu. Familia zikabaki na maneno yao dhidi ya maneno ya wakubwa, na sote tunajua maneno ya nani huwa mazito.

Oktoba 29, 2025 hali ilikuwa tofauti: kamera zilikuwepo, mtandao ndio ukazimwa. Uliporudi mwanzoni mwa Novemba, ujumbe wa polisi ukaingia kwenye simu ukionya dhidi ya kusambaza picha za kuzua taharuki au kudhalilisha utu. Niseme ukweli: hoja ya utu ni ya kweli. Maiti ni mtoto wa mtu, si kitu cha kutafutia laiki. Ila kusambaza ni jambo moja, kuhifadhi kwa ajili ya haki ni jambo jingine. Sisi vijana tumekuwa hodari wa la kwanza, la pili tunalipuuza.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi wa kielektroniki hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini hakimu atapima uzito wake: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, umechezewa au la, na nani aliutoa. Hapo ndipo tunapokwama. Picha iliyopita kwenye magrupu ishirini ya WhatsApp imebanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, zikiwemo saa na mahali ilipopigwa. Ukiuliza nani aliipiga, jibu ni "imetumwa kama ilivyopokelewa". Wakili wa upande wa pili atakushukuru sana.

Na sasa kuna akili mnemba. Unaonyesha picha ya kweli kabisa, mtu anakujibu kirahisi, "hiyo ni AI." Picha isiyo na historia haina pa kushika.

Kwa hiyo tufanye hivi. Faili halisi lisifutwe, wala lisiwekwe maandishi au filta. Weka nakala sehemu nyingine salama. Andika tarehe, saa, mahali na aliyepiga. Tunza na simu yenyewe ikiwezekana. Sura za watoto na majeruhi zisirushwe mtandaoni. Mpelekee wakili kabla ya grupu. Na usalama wako kwanza; picha haina thamani kuliko uhai wako.

Kesi inaweza kuchukua miaka kumi kufika mahakamani. Siku itakapofika, mama wa Nyamongo hataulizwa video ilipata watazamaji wangapi. Ataulizwa faili halisi liko wapi. Tuhakikishe lipo.