Muzungu aliaga inchi na treni. Na sisi tutarudi kwetu na nini?

Kwa kawaida muzungu wa mugodi akimaliza kontra yake, hatumuoni akienda. Siku ya tano alikuwa ku kazi, na kofia na buti kama sisi wote. Siku ya kwanza mutu mungine amekaa fasi yake. Ndeke imemubeba, na sisi tunabaki kusikia tu kama fulani amerudi Ulaya, ao Australia, ao Afrika ya Kusini.

Huyu wa mwaka huu alifanya ingine. Alikuwa amekaa Kolwezi miaka tisa. Majuma matatu ya konje yalikuwa yamebaki, na wakubwa wake walitaka kumulipa zile siku ili aende mbele ya wakati. Akakataa. Alisema: «Mi nataka kuona ile inchi nilikuwa ndani yake. Miaka tisa naona paka karyeri, nyumba yangu na balabala ya Lubumbashi.» Kiswahili chake kilikuwa hivyo, cha kazi, lakini tulimusikia.

Basi akachukua treni, na si moja. Ya kwanza ilimutoa Lubumbashi, ikapita Likasi na Tenke, Lubudi, Luena fasi ya makala ya mawe, mupaka Bukama. Akashuka, akalala kule, akangojea ingine ya kwenda Kamina. Toka Kamina akafika Kabalo, na mwishoni Kalemie, fasi reli inakutana na ziwa Tanganyika na hakuna tena pa kwenda. Wawili kati yetu tulimusindikiza mupaka Kamina. Tulikuwa na matanga kule, na tuseme wazi, tulitaka pia kuona muzungu atafanya namna gani usiku wa kwanza.

Alifanya vizuri. Treni iliposimama porini na hakuna mutu aliyejua itaondoka saa gani, bamama walishuka na sufuria, wakawasha moto pembeni ya reli, bukari ikaiva. Yeye akatoa sardini zake, akapewa sombe. Ku Bukama aliona vikapu vya samaki kavu vinapitishwa ku dirisha, batoto wakapitishwa nyuma ya vikapu, na baba ya jamaa wa mwisho kabisa, treni imeshaanza kusogea. Aliandika kila kitu mu kitabu kidogo. Kila mara alituuliza jina la mulima fulani ao la kijiji fulani, na sisi, wana wa inchi, mara nyingi tulikosa jibu. Ku shule walitufundisha mito ya Ufaransa.

Aliporudi, tulikaa naye ku nganda jioni ya mwisho. Tulifikiri ataongea juu ya ziwa. Akaongea juu ya mutu mumoja.

Ku gare ndogo moja, kupita Kamina, treni yake ilikutana na treni ya mizigo imesimama. Juu ya vago, mu jua kali, muzee mumoja alikuwa amekaa na bibi yake. Walikuwa na matela, mashini ya kushona, sufuria na kuku mbili zimefungwa miguu. Akawasalimia, akauliza wanaenda wapi. Muzee akajibu: «Tunarudi kwetu, kontra imeisha.» Kumbe alikuwa amefanya kazi mu mugodi wa huku kwetu. Muzungu akaweka chupa chini, akatuangalia: «Yeye amemaliza kontra, mi pia namaliza kontra. Mi niko na tiketi ya ndeke, na sanduku zangu zinalipiwa. Yeye njo anapanda juu ya vago, sababu gani?»

Hatukumujibu pale pale. Tunajibu leo, kwa sababu jibu linawahusu ninyi muliobaki kuliko yeye aliyekwenda.

Ni treni njo ilituleta huku. Reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka wa 1910, ikitoka kusini, Rhodesia. Ikafika Bukama mwaka wa 1918 na Ilebo mwaka wa 1928. Bankambo wetu walitoka Kasai na Lomami, na wengine mbali mupaka Rwanda na Burundi, wakaandikwa kazi ya Union Minière. Mwanzoni zilikuwa kontra fupi: ikiisha, mutu anarudishwa kwao. Nyuma, karibu na mwaka wa 1928, kampuni ikaona faida ya mufanyakazi kukaa na bibi na batoto mu kambi, na bankambo wanawake nao wakashuka ku gare na mitumba ku kichwa. Bazungu pia walirudi kwao na treni, kwa njia ya kusini mupaka Cape Town kuchukua mashua, ao, toka mwaka wa 1931, kwa njia ya Dilolo mupaka Lobito. Fasi zao mu treni hazikuwa sawa na zetu, tunajua vizuri. Hatulilii ile siku. Tunasema tu kama wakati ule mutu akiletwa, kurudi kwake kulikuwa kumehesabiwa.

Na leo? Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwaka wa 2002, inasema safari ya mufanyakazi, bibi yake na batoto wake, pamoja na mizigo yao, kutoka fasi alipoajiriwa mupaka fasi ya kazi, na kurudi kontra ikiisha, ni ya kulipwa na mwenye kumupa kazi. Ni nzuri. Lakini musome tena: kutoka fasi alipoajiriwa.

Hapo njo shida iko. Kazi nyingi za mugodi sasa ni za sutretansi. Kijana anatoka Mwene-Ditu ao Kabongo na feza yake mwenyewe, anafika Kolwezi, analala kwa ndugu ya mama yake, anangojea ku mulango mupaka anaandikwa. Mu karatasi wanaweka: fasi ya kuajiriwa, Kolwezi. Fasi ya kazi, Kolwezi. Basi safari ya kumurudisha ni kutoka Kolwezi mupaka Kolwezi! Na sheria haijavunjwa hata kidogo. Muzungu wetu, yeye, kontra yake ilifungwa kwao mbele hajapanda ndeke. Mustari mumoja wa karatasi, njo tofauti kati ya kiti cha ndeke na vago ya mizigo.

Kuna wale watasema: huyo kijana, nani alimwita? Alikuja peke yake, arudi peke yake. Kweli, alikuja peke yake, na sakoshi moja. Lakini anarudi na bibi, na batoto watano, na mugongo umeharibika. Hiyo si mizigo aliyokuja nayo.

Na vago si muchezo. Mwezi wa tatu 2022, karibu na Buyofwe mu teritware ya Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba watu juu yake ilianguka, na zaidi ya watu 60 wakakufa. Watu wakasema ni wapanda bure. Sawa, lakini mutu ambaye treni ya wasafiri haipiti kwake kila juma atafanya namna gani? Kila siku tunasikia juu ya njia ya Lobito, namna feza zinatafutwa juu ya reli ili shaba na kobalti zifike haraka ku bahari. Tunafurahi, reli ni kazi. Ila juu ya mavago ya watu tunasikia kidogo sana, na hatujasikia delege wetu mumoja akiuliza.

Basi ninyi madelege wa sendika, wakati wa kuzungumuza tena mapatano ya kazi, muweke kurudi kwa mufanyakazi ndani yake, hata wa sutretansi, kwa miaka aliyofanya na si kwa mustari wa kuajiriwa. Na wewe kijana unayeitwa kutia sahihi, usiangalie tu mushahara. Tafuta ile fasi ya kuajiriwa. Kama mutu wa kampuni alikuandika kwenu Kabongo, iandikwe Kabongo, na barua yake uichunge. Bamama, ninyi munaochunga makaratasi ya nyumba, tunawaambia ninyi kwanza.

Muzungu alikwenda siku ya posho. Alituachia picha moja: muzee juu ya vago, bibi yake ameshika kuku, wote wawili wanacheka, hatujui sababu gani. Tumeibandika ku mulango wa ofisi ya sendika. Mupaka leo watu watatu wameisha kuiangalia, wakaenda nyumbani, wakarudi na kontra yao mu mukono.