Udongo Uwahi Ungali Maji: Tulihakikije Dokezo la Filamu?

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufunzwa kuhakiki kazi zilizokamilika. Riwaya humfikia ikiwa imechapishwa, tamthilia ikiwa na maonyesho yake yote, diwani ikiwa na jalada na dibaji. Huchambua dhamira, huwapanga wahusika, hutaja tamathali za usemi, kisha hutoa hukumu. Siku hizi, hata hivyo, wengi wetu huombwa kutoa maoni juu ya kitu cha aina nyingine kabisa: dokezo la filamu. Hili ni elezo la sentensi moja hadi aya moja ambalo mwandishi hulitumia kumshawishi mtayarishaji kwamba hadithi yake inastahili kupigwa picha. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba vifaa vya uhakiki wa kazi iliyokamilika havilifai dokezo, na kwamba tukiendelea kuvitumia, hasara itakuwa ya Kiswahili chenyewe.

Dokezo si jambo geni katika nadharia ya fasihi. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, anaufupisha utendi mrefu wa Odisei kwa sentensi chache tu: mtu yuko mbali na kwao kwa miaka mingi, mali yake inafujwa na wanaomposa mkewe, mwanawe anawindwa, naye anarejea, anajitambulisha na kuwaangamiza adui zake. Yaliyosalia, kwa mujibu wa Aristotle, ni matukio ya kujazia. Tazama kwamba shujaa hatajwi hata kwa jina. Aidha, Aristotle hasemi kwamba utendi huo "unahusu uaminifu katika ndoa". Anataja mtu, anachokikosa, wanaomzuia na tendo la mwisho. Huo ndio uti wa mgongo wa dokezo lolote.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Wa kwanza: "Filamu hii inahusu ufisadi na athari zake kwa vijana wa leo." Wa pili: "Karani wa ofisi ya ardhi katika mji mdogo wa pwani anagundua kwamba shamba la mamake limeuzwa kwa hati bandia. Tingatinga litafika baada ya siku 3, na sahihi iliyo kwenye hati hiyo ni ya mkubwa wake wa kazi, ambaye ndiye aliyemlipia karo tangu utotoni." Madokezo yote mawili yana maudhui ya ufisadi. La kwanza lingeweza kuwa kichwa cha insha ya mtihani. La pili tayari lina mtu, saa inayokwenda na deni la wema linalomfunga mikono.

Sasa tusikilize maoni ambayo aghalabu hutolewa katika vikao vyetu. Wa kwanza atauliza: "Funzo lake ni nini?" Wa pili atakosoa upatanisho wa kisarufi. Wa tatu atasema: "Mimi ningemfanya karani awe mwanamke, halafu aolewe na wakili." Wa nne atapongeza, "Kazi nzuri, endelea," na kuketi. Hakuna hata mmoja aliyeligusa dokezo lenyewe. Wa kwanza anadai tunda kabla ya mche kuota. Wa pili anasahihisha karatasi. Wa tatu anatunga filamu yake mwenyewe kwa kalamu ya mwenzake. Wa nne hakusema lolote.

Lipo pia pigo la tano, nalo ni kusema: "Hilo limeshafanywa." Ni dhahiri shahiri kwamba kisa cha kijana wa mashambani anayekwenda mjini na kuharibikiwa kimeandikwa mara nyingi mno katika fasihi ya Afrika. Lau kigezo kingekuwa hicho pekee, filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ingezimwa ikiwa bado wazo. Upya wake hauko katika safari ya Mwas. Uko katika kwamba anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, akaishia kuishi maisha mawili, ya jukwaani na ya genge la wezi. Mhakiki wa dokezo hana budi kuuliza ni kitu gani katika hadithi hii kongwe ambacho hajawahi kukiona, badala ya kuuliza kama aliwahi kuisikia.

Je, maoni yafaayo ni yapi? Napendekeza hatua tatu. Kwanza, mtoa maoni ausimulie upya uzi wa hadithi kwa maneno yake, ili mwandishi ajue kilichomfikia msikilizaji. Mara nyingi pengo hujifichua hapo hapo. Pili, aonyeshe mahali alipotega sikio na mahali alipopoteza hamu. Katika mfano wetu, mtu angeweza kusema: "Niliposikia kwamba mkubwa wake ndiye aliyemsomesha, nilitaka kujua zaidi." Tatu, aulize maswali yanayojibika kwa picha. Je, mama anajua? Karani ataiona wapi hati hiyo, na nani atakuwa karibu? Filamu huonyesha. Wazo lisiloweza kuonekana wala kusikika skrinini halina budi kutafutiwa tendo.

Isitoshe, dokezo ni amana. Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa, wala hailindi wazo tupu, na dokezo kwa kiasi kikubwa ni wazo. Anayelisoma mbele ya wenzake amejivua ngao. Kulichukua na kulipeleka kwingine ni wizi hata pale sheria inaponyamaza.

Huenda msomaji akapinga kwamba utaratibu huu ni wa kubembelezana, na kwamba mwandishi hukomazwa na ukali. Siukatai ukali. Swali kama "mhusika wako anataka nini?" ni kali kuliko matusi, kwa sababu halina pa kukimbilia. Wala sisemi kwamba maadili hayana nafasi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inatufunza mengi kuhusu utu, lakini hayo yote yanatokana na kisa cha msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtimizia ndoto hiyo.

Kilichomo hatarini ni lugha. Mwandishi anayedokeza hadithi yake kwa Kiswahili akaambulia masahihisho ya viambishi, kesho ataidokeza kwa Kiingereza. Akishaizoea kuiwaza kwa Kiingereza, mazungumzo ya wahusika wake yatakuwa tafsiri, nasi tutakaa ukumbini tukilalamika kwamba Kiswahili cha filamu zetu hakina ladha.

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Chama chetu kingetenga saa moja kila mwezi kwa ajili ya madokezo, kila moja lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na asiruhusiwe mtu kutoa hukumu kabla ya kuisimulia upya hadithi aliyoisikia. Gharama yake ni viti na masikio tu.