Wakifungiwa wao, usipige makofi



Hebu jiulize kwa ukweli: ukisikia serikali imekifungia chama cha watu wasioamini Mungu, utafurahi? Wengi watasema ndio. Sisi tunakuomba usiwe na haraka.

Kisa chenyewe kipo. Februari 2016 chama cha Atheists in Kenya kilipata usajili. Aprili, usajili ukasimamishwa, ati kimezua wasiwasi kwa wananchi na kinahatarisha amani na utulivu. Wakaenda kortini. Kilichowaponza ni imani yao, au tuseme kukosa kwao imani.

Sasa soma tena hiyo sababu. Wasiwasi, amani, utulivu. Si tunaijua? Mwaka 1992 Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili kwa sababu ni ya dini. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, MUHURI na Haki Africa, wanaotutetea hapa Pwani, waliwekwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Ilibidi kungoja hadi Novemba ndio Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Fimbo ni ile ile, mgongo tu ndio unabadilika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 36 kinakataza kufuta usajili wa chama bila sababu ya maana na bila kukisikiliza. Wa kwanza kuhitaji kinga hizi ni walio wachache.

Na hapa Taita Taveta wachache ni nani? Ni sisi. Shule nyingi zina mfadhili wa kanisa. Msichana wetu akiambiwa avue hijabu, au kijana akinyimwa ruhusa ya swala ya Ijumaa, hatuna wingi wa kutisha mtu. Tuna kifungu cha 32, kinachosema mtu asinyimwe nafasi kwenye taasisi wala kazi kwa ajili ya imani yake. Na hata nacho si rahisi: ushindi wa hijabu katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 ulibatilishwa na Mahakama ya Juu Januari 2019. Ukikubali kifungu hicho kikatwe kwa asiyeamini, kesho utashika nini?

Hatusemi ukubaliane nao. Mei 2010 hoja ya kutenganisha dini na serikali ilitumika kortini dhidi ya Mahakama za Kadhi. Agosti mwaka huo wananchi wakapitisha katiba yenye kifungu cha 170, na Kadhi akabaki. Tulishinda kwa hoja na kura, sio kwa kumziba mtu mdomo.

Suratul Maida, aya ya 8, inatufundisha kwamba kumchukia mtu si ruhusa ya kumdhulumu. Haikutenga anayeswali na asiyeswali.

Kwa hivyo wiki hii soma vifungu vya 27, 32 na 36. Ukifukuzwa shule au kazini kwa ajili ya dini yako, andika tarehe, aliyekwambia na maneno aliyosema, kisha utafute msaada mapema. Na siku jirani yako asiyeswali akifanyiwa hivyo, usinyamaze.