Joka Linapita, Chumvi ya Uvinza Inakwama Getini

Kuna tabia imeota mizizi huko kwenye seva za michezo ya kuigiza wahusika, ile ya falme za kale, mapanga, wachawi na majoka. Wakongwe wanafukuza wageni.

Kwa asiyeujua mchezo: hamna picha wala kubonyezabonyeza. Unajiunga, unatunga mhusika wako, unaandika anachofanya. Mwenzako anajibu na wa kwake, stori inasonga. Sheria kubwa ni moja: ukirusha mshale, andika umeurusha. Kama umempata mwenzio au umemkosa, hilo anaandika yeye. Basi. Kijana wa Mwanga mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando la mia tano anacheza sawa na mwenye kompyuta ya mamilioni, maana maandishi hayali bando.

Sasa mgeni anafika. Kijana wa Ujiji, mhusika wake ni mchuuzi wa chumvi ya Uvinza. Anajua bei, anadaiwa na shemeji yake, anaogopa kuvuka Malagarasi usiku. Mkongwe mmoja, humo ndani anajiita Duke sijui wa wapi, anamrudishia fomu: hii siyo zama za kati, weka ngome, weka farasi, tafuta jina la maana. Emoji za kucheka zikamiminika. Dogo akafuta kila kitu, akasepa.

Siyo zama za kati? Wanaakiolojia walichimba Uvinza miaka ya 1960, wakakuta watu wanachemsha maji ya chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Hao wapanda farasi wa deraya wa Ulaya walikuwa bado hata hawajavaa hiyo deraya! Na njia ile iliendelea kuwa na wenyewe: mwaka 1871 Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alilalamika weee kuhusu hongo aliyotozwa Malagarasi. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, neno lilikuwa bado halijahamia maofisini. Mtu akikosa stori hapo, tatizo ni lake.

Kuna na dada wa Gungu aliyeomba kuwa mtawala, akapangiwa ubinti mfalme wa kusubiri kuokolewa mnarani. Hapo Kasulu tu, Waha wa Heru walitawaliwa na Mwami mwanamke, Theresa Ntare, karne ya 20.

Kweli, seva lazima iwe na mipaka. Mtu akija na bodaboda kwenye vita vya mikuki, arudishwe. Lakini seva inayoruhusu joka lenye mabawa linaloongea, inapata wapi ubavu wa kukataa chumvi? Dungeons & Dragons, mama wa michezo hii, ulitoka mwaka 1974 huko Marekani, nchi ambayo haikuwahi kuwa na Duke wake hata mmoja. Waliubuni tu. Kubuni ndiyo kazi yenyewe.

Anayeanza asihangaike na ukoo wa kifalme wa kurasa sita. Ampe mhusika kazi, deni na kitu anachokiogopa. Wavuvi wa dagaa ziwani wanavua gizani kwa mwanga. Zamani ulikuwa moto wa kuni mtumbwini, leo ni taa. Mwezi ukiwa mpevu wanabaki nchi kavu, samaki hawafuati taa. Haya, mwandike mvuvi anayeng'ang'ania kuingia majini usiku huo mweupe, peke yake, na wenzake wote wanamwangalia kutoka ufukweni Kibirizi. Kila mtu kwenye seva atataka kujua anafuata nini.

Wale wakongwe wao wanaandikaje? Mfalme anakunywa divai, Duke anakunywa divai, vita, divai tena. Hakuna anayejua mkate unauzwaje. Na wengi wao hiyo theluji wanayoisimulia wameionea kwenye simu.

Kwenye seva ile sasa hivi kuna ma-Duke kumi na mmoja. Vyakula vyao vyote havina chumvi.