Ndevu ngumu zitiwe maji kwanza

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwinyihamisi Kondo

Simama asubuhi kwenye mlango wa benki yoyote mjini Dar es Salaam, umtazame mlinzi shingoni, chini ya taya, pale ukosi wa shati unapogusa ngozi. Mara nyingi utakuta vipele vyeusi, vingine vimevimba, vingine vimetunga usaha, na katikati yake mikwaruzo ya wembe wa jana. Kijana huyo si mchafu, wala hana ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Ana ndevu ngumu zinazojikunja, ana mwajiri anayetaka kidevu kitupu kila siku, na hajapata mtu wa kumfundisha kunyoa.

Safu ya leo ni yake, na ya kila kijana anayeota ndevu za kwanza huku akinyoa kwa kubahatisha. Ushauri wangu kwake ni kurudi kwenye unyoaji wa wazee: brashi, sabuni, maji ya moto na wembe mmoja tu. Simwambii hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Namwambia hivyo kwa sababu unyoaji ule unazifaa nywele zetu kuliko vifaa vingi vinavyotangazwa leo kwenye runinga.

Tuanze na unywele wenyewe. Nywele za kipilipili hazitoki wima. Shina lake chini ya ngozi limepinda, na unywele ukishatoka nje huendelea kujikunja kuirudia ngozi. Ukiukata kwa wembe, unabaki na ncha kali. Siku mbili tatu baadaye ncha hiyo inajichoma ngozini karibu na pale ulipotokea, mwili unapambana nayo, na hapo ndipo kipele kinapozaliwa. Ipo na njia ya pili, ambayo ni mbaya zaidi. Unywele ukivutwa kabla ya kukatwa, kisiki chake hurudi ndani na kubaki chini ya usawa wa ngozi. Kinapoanza kukua tena, kwa kuwa kimepinda, hutoboa kuta za kishimo chake humo humo ndani bila hata kutokeza nje. Anayepapasa kidevu baada ya kunyoa na kukikuta laini kabisa hufurahi. Kwa mwenye ndevu za namna hii, ulaini huo ndio mwanzo wa taabu.

Sasa tazama vifaa vilivyojaa kwenye maduka makubwa. King C. Gillette wa Marekani alianza kuuza mashine yake ya kutia wembe mwaka 1903, na hataza yake akaipata mwaka 1904. Kwa miaka mingi iliyofuata, watu walionyoa kwa mashine hiyo walitumia wembe mmoja wenye makali pande mbili. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa kichwa cha nyembe mbili, mwaka 1998 zikawa tatu, na mwaka 2006 zikafika tano. Hesabu ya nyembe hizo ni hii: wa kwanza unauvuta unywele, wa nyuma unaukata kabla haujarudi. Mwenye nywele laini zilizonyooka anapata shavu safi na maisha yanaendelea. Mwenye nywele zilizojikunja ananunua, kwa bei kubwa, ile ile njia ya pili niliyoieleza hapo juu.

Na wembe wenyewe tunao. Hakuna duka la mtaani, kuanzia Kigoma hadi Tanga, lisilouza wembe. Tunakatia kucha, tunachongea penseli, tunafumulia mishono, na wasusi wanakatia ncha za rasta. Bei yake haifiki ya soda. Tulichokikosa ni mpini. Vijana wengi wanaushika wembe kwa vidole vitupu, na wembe ulioshikwa hivyo hauna pembe inayotulia. Unachimba ngozi kila mkono unapoyumba. Mashine ya chuma ya kutia wembe, ile nzito ambayo babu alikuwa nayo, huubana wembe na kuuacha utokeze ukingo mdogo tu. Inunuliwe mara moja, ikitunzwa itatumiwa na mtoto wako pia. Anayeanza achague ile isiyotokeza makali sana, na awaachie wazoefu zile kali.

Wahenga waliotuambia ukiona cha mwenzio chanyolewa, tia chako maji, walikuwa wanatuhadharisha na mambo ya dunia, lakini ndani ya methali hiyo wameihifadhi kanuni ya kwanza ya kinyozi. Ndevu kavu ni ngumu mno. Zikilowa kwa dakika tatu hivi, zinanyonya maji, zinavimba, zinalainika, na nguvu ya kuzikata inapungua sana. Basi kijana anyoe baada ya kuoga, wala si kabla. Kama maji ya kuoga ni ya baridi, achovye taulo dogo kwenye maji ya moto, alikamue, alikandamize usoni hadi lipoe, kisha arudie. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi kwa haraka ya asubuhi, na kwa mwenye ndevu ngumu ndiyo yenye uzito kuliko zote zinazofuata.

Wanaodhani wembe ni chuma na chuma hakishindwi na unywele, wapate habari hii. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuuchunguza wembe kwa hadubini wakati unakata nywele. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kwa takribani mara 50, lakini unywele ukipinda unapokatwa, na ukakutana na sehemu dhaifu kwenye makali, unaumega wembe vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa ndevu ngumu, wembe uliotumika mara tatu nne umeshachoka. Utupwe. Wembe butu haukati tena, unang'oa.

Mpwa wangu alipofikia umri wa kunyoa, tulikaa naye uani asubuhi, kioo tumekiegemeza kwenye ukuta wa bafu, beseni la maji ya moto miguuni. Nilimwonyesha brashi kwanza. Inalowekwa, inakung'utwa kidogo, inazungushwa juu ya kipande cha sabuni mpaka nywele zake zishike sabuni nzito. Kisha inazungushwa kwenye bakuli huku maji yakiongezwa tone kwa tone. Povu la mwanzo ni la mapovu makubwa, jepesi, na likipakwa linakauka usoni kabla hujamaliza shavu moja. Unaongeza tone, unaendelea kuzungusha. Povu linalofaa ni zito, linang'aa, halina mapovu ya kuonekana, na brashi ikiinuliwa linaning'inia kidogo kama mtindi. Likifika hapo, unalipaka kwa kuzungusha brashi mashavuni na shingoni, ili kila unywele uinuke na kufunikwa mpaka mzizini.

Kabla ya povu nilikuwa nimemwambia apitishe vidole usoni kila upande. Panapoteleza ndiko zinakolalia nywele. Panapokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni aligundua zinashuka. Chini ya taya upande wa kulia zilikuwa zinalala kuelekea sikioni, na kooni zinapanda juu. Shingo ya mwanamume ina ramani yake, na kila mtu ana ya kwake. Asiyeijua ananyoa shingo nzima kutoka chini kwenda juu kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye tangazo, na ndiyo maana vipele vya wengi vimejaa shingoni kuliko mashavuni.

Kisha wembe. Unakilaza kichwa cha mashine shavuni, mpini ukiwa umesimama mbali na uso, halafu unaushusha mpini taratibu mpaka usikie makali yanagusa nywele. Pembe hiyo, kama nyuzi 30 hivi, ndiyo ya kuishikilia. Hakuna kukandamiza, uzito wa chuma unatosha. Mivuto iwe mifupi, kuufuata mlalo wa nywele, na wembe usuuzwe kila mara. Mkono mwingine usiivute ngozi ikakaza, kwa sababu ngozi iliyokazwa ikiachiwa inavimeza visiki ndani.

Alipomaliza mzunguko wa kwanza akapapasa kidevu.

“Mjomba, mbona bado zinakwaruza?”

“Ziache zikwaruze, mpwa wangu. Hapo ndipo pako.”

Hakupenda kusikia hivyo, na hakuna kijana anayependa. Lakini nasisitiza: kwa wiki za mwanzo mzunguko mmoja unatosha, na kwa wengi wenye ndevu hizi utatosha maisha yote. Akitaka wa pili, apake povu upya, na aufuate mlalo ule ule au akate kwa ubavu. Kwenda kinyume na mlalo wa nywele, huku akitafuta ulaini wa shavu la mtoto, ni kuyarudisha matatizo yote kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya kunyoa ni maji ya baridi, kisha shabu. Wazee wa vinyozi wanaijua shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa. Linalowanishwa na kupitishwa usoni, linakausha damu ya mikwaruzo midogo. Linawasha pale ulipokandamiza, kwa hiyo linakueleza wapi mkono wako ulikuwa mzito. Suuza, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato makali. Ile spiriti inayomwagwa kwenye pamba na kusuguliwa shingoni saluni inakausha ngozi iliyokwisha kuumia, na wateja wanaidhania ni dawa kwa vile tu inachoma. Hatari kubwa zaidi ni zile krimu za kung'arisha ngozi ambazo vijana wanapaka juu ya vipele ili kufifisha weusi. Zenye steroidi zinapunguza uvimbe kwa siku chache, kisha zinaikondesha ngozi na kuiachia madhara ya kudumu. Zisiguswe bila daktari wa ngozi.

Mwenye vipele tayari asianze kujifunza juu ya ngozi iliyochubuka. Aache kabisa kunyoa kwa wiki nne au zaidi, mpaka uvimbe utulie, apunguze tu kwa mashine ya umeme na aache urefu kidogo. Unywele uliojikunja ukaingia ngozini hunyanyuliwa taratibu kwa sindano safi iliyochemshwa. Hauchomolewi, kwa sababu ukichomolewa utaota tena ukiwa ndani. Anayeona makovu yanavimba na kuwa magumu aende hospitali mapema. Na wembe ni wa mtu mmoja. Hauazimwi kwa ndugu wala kwa rafiki wa bweni moja, kwani damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na hata virusi vya ukimwi. Saluni, mteja ana haki ya kuuona wembe mpya ukifunguliwa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake. Auombe bila haya.

Haya yote yalikuwa yanafundishwa nyumbani na kwa kinyozi wa mtaa. Siku hizi mashine ya umeme imechukua nafasi ya kinyozi yule, akina baba wanatoka alfajiri kuwahi daladala, na kijana anajifunzia usoni mwake peke yake. Akina baba, wajomba na kaka, asubuhi moja ya Jumapili inatosha. Mkalisheni mtoto mbele ya kioo.

Wapo pia ambao hata wakifuata kila hatua, ngozi yao haitakubali wembe. Hao hawana kosa, na hapa ndipo nawageukia waajiri. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, katika kesi iliyotoka Nebraska, iliamua kwamba kampuni ya piza iliyokataza ndevu kabisa haikuthibitisha kuwa biashara yake inalazimu kumnyima nafuu mwanamume mweusi mwenye tatizo hili, kwa kuwa katazo hilo linawaumiza wanaume weusi kuliko wengine. Kule mtu mweusi ni mmoja kati ya wengi, na mahakama iliona. Hapa kwetu karibu kila mlinzi, kila mhudumu wa hoteli na kila dereva mwenye sare ana nywele za aina hiyo, lakini kampuni nyingi bado zinadai kidevu kitupu kila asubuhi.

Ndevu fupi za milimita chache, zilizochongwa vizuri, hazimvunjii mteja heshima. Shingo inayovuja usaha ndani ya ukosi wa sare ndiyo inayomuumiza kijana na kumwonyesha vibaya mbele ya watu. Wakuu wa kampuni za ulinzi na wa mahoteli, andikeni katika kanuni zenu za kazi kwamba mwenye cheti cha daktari aruhusiwe kubaki na ndevu fupi, na kijana asikatwe mshahara kwa hilo.