Okonkwo Si Babu Yetu

Nimechoka kusikia watu wa masomo hapa Butembo wakisema eti «mila zetu» walizisoma katika Le monde s'effondre. Hapana! Kitabu kile cha 1958, Chinua Achebe alikiandika juu ya Waigbo wa Nigeria. Mapacha kutupwa porini ni habari ya kwao. Na hata humo, Obierika anajiuliza mapacha wake walikosa nini. Achebe hakuficha mashaka. Sisi watu wa Nyamuhanga, akina Paluku na Kambale, wangapi tumekaa kuandika olusumba vile, na uzuri wake na maumivu yake? Wanaoijua ni wazee wa vijijini, na tangu 2014 huko Beni wanauawa ao wanakimbia. Babu yako angali hai? Muulize Jumapili hii. Okonkwo atangoja.